Waliniombea Mgongo, Iliyouma ni Korodani

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na walioketi mbele, na asifiwe pia na sisi ambao mwaka mzima tulisimama nyuma karibu na mlango tukisingizia kwamba tunapenda upepo.

Sikuwa napenda upepo. Nilikuwa siwezi kuketi. Leo nashuhudia jinsi Mungu alivyonitoa katika maumivu ya korodani. Naam, nimeitaja. Korodani, tena ya kushoto. Naitaja mapema ili anayetaka kufunga ukurasa aufunge sasa, na sisi tutakaobaki tuendelee bila kuinamishiana macho.

Mimi ni mwalimu wa chuo hapa Kisauni, mtu wa bara niliyeota mizizi hapa Pwani miaka ishirini na mitano, mwenye shahada mbili na kitambi kimoja. Kazi yangu ni maneno. Siku za kazi nawafundisha vijana kuandika kwa uwazi. Mwisho wa wiki naandika makala za kuwakosoa watu wasiosema wazi. Nimewahi kuwacheka wanasiasa ukurasa mzima kwa kusema mengi bila kusema lolote. Mtu huyo ndiye aliyeumwa korodani mwaka mzima akawaambia watu ni mgongo.

Maumivu yalianza msimu wa kusahihisha mitihani. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki siku tisa, asubuhi hadi jioni, nikipambana na karatasi za wanafunzi wangu. Siku ya kumi niliposimama nilihisi kama mtu amenishika kule chini, taratibu, bila ubaya, kisha akasahau kuachia. Hayakuwa maumivu ya kupiga mayowe. Yalikuwa ya kudumu. Yaliamka nami, yakanisindikiza darasani, yakaketi nilipoketi, na yalikuwa na nguvu zaidi niliposhiba, nilipokasirika, na niliposafiri zaidi ya nusu saa.

Hospitali sikukawia kwenda, na hiyo ndiyo sifa pekee niliyo nayo katika habari hii. Nilipimwa mkojo, nikapimwa damu, nikapigwa skani. Hakuna uvimbe, hakuna maambukizi, hakuna mshipa uliojisokota. Wala halikuwa busha, ingawa mwenye duka letu kule Kiembeni, aliponiona natembea kwa kutanua miguu, alikuwa ameshaapa kwamba ni busha na kwamba anamjua mtu mwenye mzizi wake. Nilipewa dawa za kuua vijidudu za wiki mbili, kisha nyingine za wiki nne. Vijidudu, kama vilikuwapo, vilikufa. Maumivu yalibaki. "Mzee, kila kitu kiko sawa," daktari kijana akaniambia kwa furaha. Nikatoka pale nikiwa mgonjwa wa kitu kilicho sawa.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoanza kujichimbia.

Kwa wasiotujua, kanisa letu lina ushirika wa nyumba kwa nyumba. Kila Jumatano jioni tunakutana kwa mmoja wetu. Tunakunywa chai kwa mahamri, tunasoma Neno, kisha mzee wa kanisa anazunguka chumba na kumuuliza kila mtu, kwa jina, aombewe nini. Kusema huna shida hairuhusiwi. Ukisema huna, unaombewa kiburi.

Mzee wetu ni Mzee Barasa, aliyestaafu bandarini na ambaye bado anazungumza kama mtu anayeelekeza winchi. Jumatano hiyo alifika kwangu akasimama.

"Mwalimu, naona umekaa upande upande kama mzigo uliofungwa vibaya. Tukuombee nini?"

Nilitazama chumba. Palikuwa na mabinti wawili wa kwaya, mama mkwe wa mchungaji, na mke wangu. Shahada zangu mbili zikanikimbia.

"Mgongo," nikasema.

"Wa juu au wa chini?"

"Wa chini."

"Chini kabisa?"

"Chini kabisa," nikajibu, na hapo nilikuwa karibu na ukweli kuliko siku nyingine yoyote mwaka ule.

Mama Kadzo, anayetuuzia mahamri na mwenye mikono ya mtu aliyekanda unga maisha yake yote, alikuja akanishika kiuno, akaanza kuomba. Mama Kadzo haombi kwa kubembeleza. Aliuamuru mgongo wangu usimame imara kama ukuta wa Ngome! Wote wakasema amina. Mimi nikasema amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Tangu siku hiyo nilikuwa mtu wa mgongo. Niliombewa mgongo kila Jumatano. Nililetewa godoro gumu, mafuta ya karafuu na ushauri. Mke wangu, Mama Mueni, akawa ananikanda mgongo kila jioni kabla ya chakula, mkono hauchoki. Kisha ndugu zetu wakaninunulia zawadi: mkanda wa mgongo, ule mpana wa mpira wenye vyuma, unaobana kutoka chini ya mbavu hadi juu ya nyonga. Walinifunga mbele ya kanisa zima, wakapiga makofi. Ningefanyaje? Nilivaa mkanda ule kila Jumapili. Kisha, kwa kuwa baadhi ya wanafunzi wangu ni wa kanisani, nikauvaa na darasani. Uongo una sare yake, ukishaivaa huivui kirahisi.

Maumivu yakazidi! Yakashuka hadi kwenye paja, yakapanda hadi kwenye kinena. Nikatafuta msaada kwenye simu, nikamkuta mtu mwenye misuli mingi anayesema matatizo yote ya huko chini yanaponywa kwa kubana: bana kama unayezuia mkojo, hesabu hadi kumi, achia, rudia. Nikaanza kubana. Nilibana nikiandika ubaoni. Nilibana wakati wa mahubiri. Nilifika mara mia tatu kwa siku, na kadiri nilivyoumia ndivyo nilivyojiambia kwamba sijabana vya kutosha.

Mwezi wa kumi na moja wa maumivu nilikata tamaa, nikaenda kwa daktari wa upasuaji. Mtu mzima, mpole, ananiheshimu.

"Daktari, iondoe," nikamwambia.

"Niondoe nini?"

"Ya kushoto. Ninayo nyingine."

Alivua miwani. "Mwalimu, hili si jino. Ikibidi nitaikata. Lakini wapo waliokatwa na maumivu yakabaki palepale, na hapo hakuna cha kurudisha. Kwanza nenda ukaonane na mtaalamu wa tiba ya viungo."

Nikang'ang'ania. Akanipa tarehe ya upasuaji, wiki nane mbele, na barua ya kwenda kwa mtaalamu. Tarehe niliikumbatia. Barua niliiweka ndani ya kitabu. Tiba ya viungo, kwa elimu yangu yote, niliijua kuwa ya wachezaji wa mpira na wazee waliopatwa na kiharusi. Korodani inyooshweje?

Kwa wiki mbili sikwenda. Kisha karani wa daktari akanipigia. "Mwalimu, bila ripoti ya mtu wa viungo, tarehe yako inabaki ya penseli." Mimi ni mtumishi wa taasisi, ndugu zangu. Naogopa penseli kuliko kisu. Kwa hiyo nilipokwenda Ziwa la Ng'ombe kumtafuta Bi Zuhura sikuwa naenda kupona. Nilikwenda kutafuta muhuri ili nikakatwe.

Bi Zuhura ni mama wa miaka sitini na kitu, wa ukoo wa zamani wa Mvita, mwenye buibui iliyopigwa pasi na miwani inayoning'inia shingoni kwa mnyororo. Alifanya kazi hospitali za umma miaka mingi, kisha akafungua chumba chake juu ya duka la vitambaa.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, mwanangu. Ngia ndani, karibu." Nina miaka hamsini na mbili, na ilikuwa imepita muda tangu niitwe mwana wa mtu. Alisoma barua, akaisoma tena. "Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Basi rudi kesho na mkeo."

"Bi Zuhura, mimi nahitaji ripoti tu. Ukurasa mmoja."

"Nami nahitaji mkeo tu. Mtu mmoja. Mimi mwanamume wa maradhi haya simtibu peke yake. Kwanza kwa stara, yako na yangu. Pili, mazoezi utafanya nyumbani, na mkeo asiyejua ataona vituko aseme mume amerukwa na akili. Anajua unaumwa wapi?"

Nikatikisa kichwa.

"Anadhani wapi?"

"Mgongo."

"Lahaula," akasema kwa upole, akanifungulia mlango.

Nilimwambia Mama Mueni jioni ile ile, sebuleni, mkono wake ukiwa tayari una mafuta ya karafuu. Nilitaja kila kitu: korodani, maneno ya daktari, tarehe ya kukatwa. Akautazama mkono wake.

"Kwa hiyo miezi yote hii nimekuwa nikikanda mgongo mzima?"

"Ndiyo."

"Mwalimu mzima!" Akafuta mafuta kwa kanga yake, kidole kimoja kimoja. "Baba Mueni, mimi nilidhani una mwanamke. Kila nikikusogelea unajikunja. Nimeshamfikiria hadi sura yake. Nikampa hadi jina!" Alianza kucheka, kisha akalia, kisha akasimama. "Unataka wakukate bila mimi kujua? Kesho twende. Na mkanda wako huo, twende nao."

Bi Zuhura alipouona mkanda alisema nivue. Akanilaza chali, Mama Mueni akiwa kwenye kiti pembeni, akaniambia nipumue tu. Nikapumua. Aliweka kiganja juu ya tumbo langu.

"Hapa hapashuki. Wapumua kwa mabega. Nani alikufunga tumbo hili?"

"Kanisa," nikasema.

Mama Mueni akamweleza. Bi Zuhura alisikiliza bila kucheka, jambo ambalo nitamshukuru hadi kufa.

"Sikiza, mwanangu. Chini ya nyonga pana misuli imetandazwa kama kamba za kitanda. Inabeba kibofu, inabeba choo, inashika kila kitu. Ukipumua, inatakiwa ishuke na kupanda. Yako imekaza, haishuki. Umekaa siku tisa umejikunja, ukaumwa kidogo, ukaogopa, ukabana. Ukivaa mkanda, tumbo halina pa kwenda ila chini, misuli ikabana zaidi. Na mishipa ya fahamu inayokwenda korodani inapita humo humo na kwenye kinena. Ikibanwa, korodani ndiyo inayolia. Kama mlango unagongwa kwa jirani, wewe ndiye unayetoka kufungua."

"Kwa hiyo korodani haina ugonjwa?"

"Si madaktari wameipima wakaona nzima? Umewalipa uwaamini. Mazoezi yoyote wafanya?"

Nikamwambia ya kubana.

"Mara ngapi?"

"Mia tatu."

"Kwa mwezi?"

"Kwa siku."

"Astaghfirullah! Nani alikutuma?"

"Simu."

Alinibonyeza tumbo la chini, kinena, na ndani ya paja, kila mara akiniambia kwanza anapogusa na kuniuliza kama niko radhi. Sehemu moja ya kinena aliposhika, maumivu yale yale, ya mwaka mzima, yakaruka yakaenda kwenye korodani ya kushoto, ambayo hakuna aliyeigusa! Nilipiga ukelele. Mama Mueni akasimama. Mimi nilikuwa nalia, si kwa maumivu. Kwa mara ya kwanza mtu alikuwa ameyapata. Hayakuwa ya kufikirika. Yalikuwa na mahali pake, na mahali hapo palikuwa msuli, na msuli unaweza kufundishwa.

Alisema kuna uchunguzi wa ndani unaofanywa pale inapobidi, kwa ridhaa ya mgonjwa, na kwa mwanamume angeufanya mwenzake wa kiume. Kwangu aliona haulazimu. "Ripoti nitakuandikia," akasema. "Lakini wiki sita zimebaki. Nipe hizo. Zikiisha hujaona nafuu, nenda ukakatwe, sitakuzuia."

Ndugu zangu, mimi si shujaa. Lakini siku ile niliamua. Niliamua kwamba wiki sita hizi nitazifanya kama mtu anayedaiwa uhai wake. Nilimfuta yule mtu wa misuli kwenye simu. Nilivua mkanda. Nilianza kusahihisha kazi nikiwa nimesimama, na kila nusu saa ya kuketi nilinyanyuka, hata kwenye kikao cha mkuu wa chuo. Asubuhi na alasiri nililala chali, magoti juu, nikapumua hadi chini kabisa, nikijifunza kuachia. Msidhani kuachia ni rahisi! Mtu aliyesoma anajua kushika: kushika hoja, kushika nafasi, kushika hasira. Mwili wangu ulikuwa umesahau njia ya kufungua ngumi. Wiki mbili za kwanza sikuhisi chochote ila upumbavu. Bi Zuhura alinikanda kinena na tumbo kila Jumanne, Mama Mueni akiwa pale akifuma kitambaa chake, na yeye pia akafundishwa kunikanda. Wiki ya tatu nikaketi kwenye kiti nusu saa bila kujipinda. Wiki ya nne nikafurahi mno, nikakaa saa nne kwenye harusi ya binamu huko Changamwe, na maumivu yakarudi yote, kama hayajawahi kuondoka. Usiku ule nilitaka kuacha. "Yamerudi kukusalimu tu," Bi Zuhura akasema Jumanne. "Mgeni akirudi si lazima umpe chumba. Endelea." Nikaendelea.

Sasa, kati ya mazoezi yangu lilikuwapo moja la kupiga magoti juu ya mkeka, magoti yameachana, makalio yanakaa kwenye visigino, kipaji cha uso chini, mikono imenyooshwa mbele, unapumua kuelekea mgongoni na chini. "Karibu na sijda yetu," Bi Zuhura alisema, "ila magoti uyatanue." Sebule yetu ni ndogo. Nafasi pekee ya kutandika mkeka inatazama kaskazini, na kwa sisi wa Mombasa kaskazini ndiko kibla kiliko. Dirisha huwa wazi kwa ajili ya joto. Na alasiri ndiyo saa ninayotoka kazini.

Siku moja ya wiki ya tano, adhana ya alasiri imemalizika msikiti wa jirani, mimi niko mkekani, kichwa chini, Mzee Barasa akaja kuomba ngazi. Hakubisha hodi. Alisimama dirishani, akatazama, akaondoka kimya kimya. Mimi sikujua. Nilichojua ni kwamba Jumapili watu walinishika mkono kwa huruma ya ajabu, na kwamba Jumatano, ingawa haikuwa zamu yetu, ushirika mzima ulikuja kwangu bila taarifa, na mchungaji yupo.

Mzee Barasa hakungoja chai. "Mwalimu, hatukuja kukuhukumu. Tumekuja kukuuliza kama ndugu. Ni lini?"

"Lini nini, mzee?"

"Ulipotuacha. Nimekuona kwa macho haya. Alasiri, mkekani, umesujudu. Na viatu umevua."

Nyuma yangu sinia lilianza kutetemeka. Mama Mueni alikuwa anazuia kicheko kwa nguvu zake zote.

Nawaambia ukweli: kwa muda nilifikiria kukubali. Uislamu una heshima yake. Bi Zuhura ni Mwislamu na namheshimu kuliko maprofesa wengi. Korodani haina heshima yoyote. Ningeweza kusema nimesilimu, wakalia, wakaniombea, na siri yangu ikabaki ndani ya suruali yangu. Lakini ningekuwa nimedanganya dini mbili kwa mkupuo mmoja, kwa sababu ya aibu iliyokuwa tayari imenigharimu mwaka na ilikuwa karibu kunigharimu kiungo.

"Baba Mueni," mke wangu akasema, "sema."

Nikasimama. "Sijasilimu. Yale ni mazoezi. Mgongo wangu hauumwi, haujawahi kuumwa. Ninaumwa korodani. Niliwadanganya."

Binti mmoja wa kwaya alichunguza mahamri yake kama hajawahi kuona hamri. Mchungaji alikohoa. Nikawaeleza yote, mkanda pia, na jinsi ulivyonizidishia. Mzee Barasa, aliyechagua mkanda ule kwa mkono wake, akaketi polepole.

Mama Kadzo ndiye aliyeongea. "Ngoja kwanza, mwalimu. Mwaka mzima tumeombea mgongo. Mgongo umekuuma?"

"Hapana."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja, mama."

"Basi Mungu alijibu! Ulitaka afanyeje? Umempa anwani ya jirani."

Chumba kikaanguka kwa kicheko, na mimi nacheka, na nikicheka nikahisi kule chini pameachia, pole pole, kama mtu anavyofungua ngumi akiwa usingizini. Sikuwa nimejaribu. Kisha Mzee Barasa akainuka, kwa sababu mzee wa kanisa ni mzee wa kanisa.

"Haya. Tuombe upya. Lakini... mikono tutaiweka wapi?"

"Kichwani, Barasa," Mama Kadzo akasema. "Uongo ulianzia huko."

Wakaniwekea mikono kichwani. Sijawahi kuombewa hivyo. Mama Kadzo aliitaja korodani mbele za Bwana kwa jina lake, bila kutafuna, kama anavyotaja mgongo, goti na jicho. Alimtaja na Bi Zuhura, akaibariki mikono yake.

Je, nilipona usiku ule? Hapana, na sitawadanganya tena. Nilirudi mkekani kesho yake, sasa dirisha wazi na dhamiri wazi. Wiki ya sita ilikwisha. Siku ya tarehe yangu nilikwenda kwa daktari wa upasuaji na ripoti ya Bi Zuhura mkononi, Mama Mueni ubavuni. Aliisoma. Akaniomba nikae, nikakaa. Akanitazama nilivyokaa.

"Tukate?" akauliza.

"Tusikate, daktari."

Akachukua kifutio, akaifuta tarehe ile mbele ya macho yetu. Mama Mueni akanishika mkono kwa nguvu hadi nikaona haja ya kumfundisha kuachia.

Namshukuru Mungu aliyeumba hata misuli ambayo hatuitaji majina. Namshukuru Bi Zuhura. Nawashukuru ndugu wa ushirika, na zaidi mke wangu aliyekanda mahali pasipouma bila kuchoka. Bado zipo siku ninapoketi sana na kule chini pananikumbusha. Nanyanyuka, napumua, panaachia. Nafanya mazoezi kila siku na nitaendelea nayo.

Sasa wewe ndugu yangu, unayesoma umekunja mguu. Maumivu yakikujia ghafla na makali, ukaona uvimbe, homa au kutapika, usisome, usiombe kwanza, kimbia hospitali saa hiyo hiyo na uombe njiani. Korodani iliyojisokota haingoji. Ukiona uvimbe hata usiouma, kapimwe. Lakini kama umepimwa, umeambiwa kila kitu ni kizima, na bado unaumia, usikubali kuambiwa unawaza tu, na usikimbilie kisu kama mimi. Uliza kuhusu misuli ya nyonga. Mtafute mtaalamu wa viungo anayeijua. Mwambie mkeo leo, kabla hajampa mtu jina.

Mwamini Mungu, na umwambie ukweli. Yeye ndiye aliyekuumba huko kote, hataona haya. Mimi nilikaribia kukatwa kwa sababu ya neno moja nililoshindwa kulitamka. Leo nimelitamka mbele yenu nyote, nimekaa kwenye kiti, na sijajipinda. Haleluya, ndugu zangu!